Mapigo ya Dakika Kumi na Saba

Sanjay Praful alirudi Nakuru kwa miezi miwili. Ilikuwa mwaka wa 2005, baba yake alipoanguka bafuni na kupooza upande wa kushoto, na mtu akahitajika wa kukaa dukani mpaka mzee ainuke. Mzee aliinuka, kwa mkongojo, lakini ngazi za kutoka ghorofani kwenda dukani hakuziweza tena. Miezi miwili ikazaa miwili mingine, na hiyo ikazaa mingine, na ukimuuliza Sanjay leo, mtu wa miaka arobaini na saba mwenye kitambi cha kuketi, atakwambia bado yuko likizo.

Duka linauza spea za trekta na kombaini: mikanda, beringi, visu vya kuvunia, pampu, geji na nati za kila kipimo. Wateja ni wakulima wa ngano wa Mau Narok na wa viazi wa Molo, watu ambao mazao yakiwa tayari shambani hawana subira hata ya kusalimu. Juu ya duka ndiyo nyumba. Juu wanazungumza Kigujarati, chini Kiswahili, na katikati kuna ngazi kumi na nane ambazo Sanjay amezipanda na kuzishuka mpaka miguu yake inazijua kuliko inavyojua barabara yoyote duniani.

Nyuma ya kaunta, kati ya rafu ya mikanda na kalenda ya hekalu, kuna kompyuta. Kutwa nzima inafanya kazi mbili: kutafuta kama beringi fulani iko stoo, na kutafuta nyota.

Usicheke. Watu wakisikia kwamba mtu anachunguza nyota hudhani anakesha juu ya paa akikodoa macho. Sanjay hulala mapema kama kuku. Nyota zake hazina haja na giza. Yeye huchunguza miali ya eksirei, ile ile inayopiga picha mfupa uliovunjika hospitalini. Miali hiyo ikitoka angani huzuiwa na hewa ya dunia kabla haijatufikia, la sivyo sote tungekuwa tumekwisha kuungua. Ndiyo maana darubini za kuipokea hurushwa juu kabisa, nje ya hewa, zikazunguka huko zikihesabu mwanga chembe moja moja na kuandika saa ambayo kila chembe imefika. Mtaalamu aliyeomba darubini ielekezwe mahali fulani hupewa data hiyo peke yake kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha hufunguliwa kwa kila mtu, awe profesa au muuza fenibelti. Sheria hiyo ndiyo iliyomweka Sanjay hai.

Mapenzi hayo yalianza zamani. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alisoma kwamba setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza nyota kwa eksirei ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, siku ya Jamhuri mwaka wa 1970, ikapewa jina la Uhuru. Mtoto wa watu akaona basi kazi hiyo ni ya kwao. Akaenda Uingereza, akasoma hadi uzamifu, akapata kazi, akanunua koti zito. Kisha simu ikalia kutoka Nakuru. Koti hilo bado liko kabatini, nondo wamelifaidi kuliko yeye.

Mwaka jana, katikati ya msimu wa mvua ambapo wateja huwa wachache, alifungua picha moja ya zamani kwenye ghala la data. Waliopiga picha hiyo walitaka kitu kingine kilichokuwa katikati, wakakipata, wakaenda zao. Pembeni kabisa palikuwa na nyota isiyo na jina. Kwa saa kumi na moja darubini ilikuwa imepokea kutoka kwake chembe za mwanga elfu moja mia moja arobaini na saba, idadi ndogo, kiasi cha kumfanya mtu mwingine apite. Sanjay hakupita. Alizipanga chembe hizo kwa saa zake, akaona mwanga unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kila baada ya dakika kumi na saba na sekunde kumi na moja. Nyota ilikuwa ikipiga kama moyo.

Mapigo ya namna hiyo hutoka kwa maiti ya nyota: kitu kidogo, kizito ajabu, kinachozunguka huku kikimnyonya jirani yake. Katika pembe ile ya anga hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Sanjay aliandika makala, jarida likaikubali, na profesa mmoja wa Uholanzi akamwandikia barua. Njoo, alisema. Miaka mitatu, kuanzia Januari, tuipekue hifadhi yote ya darubini tutafute wenzake wa nyota yako.

Sanjay aliisoma barua hiyo mara saba, akaifungia trekta ya mteja mkanda usio wake.

Ekta, dada yake mdogo, alikuwa mfamasia Kisumu. Aliposikia habari hakusubiri kuombwa. Aliacha kazi, akarudisha nyumba ya watu, akafika Nakuru na maboksi kumi na moja na cherehani. "Bhai," alimwambia kaka yake akiwa bado mlangoni, "umekaa vya kutosha. Sasa ni zamu yangu."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari. Kulibaki jambo moja: jarida lilimtumia rasimu ya mwisho ya makala, aisome, abofye kitufe kilichoandikwa Nakubali kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Uholanzi ilikuwa nyuma ya kitufe hicho.

Jumatatu akaja Kang'ethe.

Mzee Kang'ethe analima ngano Mau Narok na humwita kijana kila mtu aliye chini ya miaka sabini. Aliingia akihema kwa hasira. "Kijana, leta pampu ya maji. Hii trekta itaniua! Sindano ya temperecha inapanda mpaka kwa red, inashuka, inapanda tena. Na ngano imekauka, mvua iko hapo Molo inanicheka."

Adongo, fundi wa duka kwa miaka zaidi ya ishirini na tano, alitokea uani akijipangusa mafuta. "Mzee, hiyo geji umeitoa ukaijaribu kwa trekta ingine?"

"Ya nini? Mimi najua trekta yangu."

"Unaijua sawa. Uko na geji?"

Kang'ethe alikuwa nayo, imefungwa kwa gazeti mfukoni mwa koti, maana fundi wake wa shamba alikuwa ameing'oa. Adongo alikwenda nayo uani akaifunga kwenye trekta ya duka, iliyokuwa imelala tangu Ijumaa. Aliiwasha. Sindano ikapanda mpaka kwenye nyekundu, ikaanguka, ikapanda.

"Ona sasa," alisema Adongo. "Hii yetu imewaka saa hii, iko baridi kabisa, lakini bado inasema inachemka. Trekta yako ni mzima, mzee. Ni geji inakudanganya."

Kang'ethe alikasirika zaidi, kama mtu aliyekwenda kwa daktari akaambiwa haumwi. "Yaani nimetoka Mau Narok kwa sababu ya kitu kidogo hivi?" Sanjay alicheka pamoja nao, akamuuzia geji mpya, akamsindikiza mpaka kwenye pikapu.

Aliporudi kuketi, kicheko kilikuwa bado mdomoni, lakini kichwani ile geji ilikuwa bado inapanda na kushuka. Kwenye picha yake, karibu na nyota yake, ukingoni hapo hapo, palikuwa na nyota nyingine hafifu ambayo hakuwahi kuigusa kwa sababu haikumhusu. Alifikiri: nizitoe chembe za hii, nizitie kwenye programu ile ile. Dakika tano tu. Alifikiri hivyo, akainuka akapanga nati. Akapanga nati saa nzima. Halafu akaketi akafanya.

Grafu ilichomoza mahali pale pale. Dakika kumi na saba na sekunde kumi na moja.

Nyota mbili zilizoachana kwa umbali ambao mwanga wenyewe hauuvuki ila kwa maelfu ya miaka haziwezi kupiga moyo pamoja. Wala Sanjay hakuhitaji kuelezwa kilichokuwa kikipiga. Darubini ile haitulii. Imeundwa iyumbe polepole, kidogo sana, kwenda na kurudi, ili sehemu moja ya kipokezi isibebe mzigo peke yake. Nyota iliyo katikati ya picha haipotezi kitu. Iliyo ukingoni, kila darubini inapoyumba, huanguka nje kidogo halafu hurudi. Inaonekana inafifia na kuwaka. Kumbe inayotikisika ni darubini.

Kila mwanafunzi wa fani hiyo hufundishwa jambo hilo mwaka wa kwanza. Kuna faili linaloandika kila mtikisiko, na ukiona mapigo yoyote, kabla hujamwambia hata mama yako, unalichukua faili hilo unalinganisha. Sanjay alilijua. Katika ukurasa wa nne wa makala yake aliandika kabisa: "Tumehakikisha kwamba mtikisiko wa darubini hauhusiki." Katika kazi hiyo mtu haandiki mimi, huandika sisi, hata akiwa peke yake. Sisi hao walikuwa Sanjay kwenye kaunta na Adongo akipiga nyundo uani.

Faili lilikuwa zito na siku ile mtandao ulikuwa wa kusuasua. Aliandika sentensi kwanza, akajiambia faili atalichukua kesho. Kesho yake ilikuja, na mtandao ukatengemaa, naye hakulichukua. Hakusahau. Hilo ndilo lililomuuma sasa kuliko yote. Aliogopa. Angekuwa kwenye kitengo chenye watu, mmoja angepita na kikombe chake cha chai akauliza, umeangalia mtikisiko? Dukani hakuna wa kumuuliza hivyo. Watu huuliza kama kuna visu vya kombaini.

Alilichukua faili Jumatatu hiyo. Lilichukua dakika arobaini kufika. Darubini ilikuwa ikiyumba mara moja kila dakika kumi na saba na sekunde kumi na moja.

Jumanne alijihoji na kujijibu. Wataalamu wawili wa jarida walikuwa wameisoma makala, na mmoja alichokiona ni kwamba marejeo hayakufuata alfabeti. Nani mwingine atajua? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hao wahenga hawakuwa na nyota iliyo mbali namna ile. Angebofya, angeondoka, na huko Uholanzi angetafuta nyota nyingine, za kweli, akalipa deni lake la uongo kwa kazi safi. Jambo lilionekana rahisi kabisa mpaka alipogundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amemtazama Adongo usoni.

Jumatano aliamua kumwambia Ekta. Alimkuta juu ya ngazi ya mbao, kitambaa kichwani, akitoa kwenye rafu vitu ambavyo havikuwa vimeguswa tangu wakati wa sarafu za zamani.

"Bhai, hili duka lilikuwa linauza spea ama linaficha?" aliuliza. "Nimepata beringi nyuma ya beringi. Na huyu Kang'ethe, unajua bibi yake ana kombaini yake mwenyewe? Miaka yote hujawahi kumuuliza."

"Ekta, kuhusu Uholanzi..."

"Usianze!" Alimwelekezea mkanda aliokuwa ameushika. "Ukianza kuniambia huwezi kuacha Bapuji, nitakuchapa na hii. Kazi nimeacha. Nyumba nimerudisha. Paka nimempa jirani, na huyo jirani hata hampendi. Usipoenda, mimi nimeacha hayo yote kwa nini?"

Sanjay aliishika ngazi isiyumbe. Alikuwa amezoea kufungwa na ugonjwa wa Bapuji, baba yao, na hicho kifungo alikwisha kukijua pembe zake zote. Sasa alikuwa amefungwa na wema wa watu, nao hauna hata pa kupigia teke. Alhamisi Kang'ethe akapiga simu kusema trekta inakwenda kama mpya na kwamba kanisa zima la Mau Narok limeambiwa kuhusu kijana wa spea aliyesikia moyo wa nyota. "Tunakuombea!" alipaza sauti. Sanjay alishukuru.

Ijumaa asubuhi Ekta alimwita juu. Baba yao alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha dirishani, amevalishwa shati jeupe, na kwenye meza palikuwa na bakuli dogo la chuma lenye mtindi uliotiwa sukari. Ni desturi yao. Mtu akienda kwenye mtihani, au safari, au kesi, hulishwa kijiko kimoja cha mtindi na sukari na mkubwa wa nyumba ili jambo lake liende salama. Mara ya mwisho Sanjay kulishwa ni alipokuwa akienda Uingereza, na mama yao alikuwa hai.

"Leo ndiyo unatia sahihi," Ekta alisema. "Bapuji amekataa nikulishe mimi."

Mzee Praful alikuwa na miaka themanini na mmoja. Tangu ugonjwa ule maneno yalikuwa yakimtoka kwa taabu, kwa hiyo aliyatumia machache. Alikishika kijiko kwa mkono wake mzima. Mkono ulitetemeka njia nzima kutoka bakulini mpaka mdomoni mwa mwanawe, na nusu ya mtindi ikamwagika kwenye shati la Sanjay.

"Nenda vizuri," alisema mzee.

Sanjay alimeza. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Alishuka akaketi mbele ya kompyuta, akaifungua rasimu. Akaisoma kuanzia kichwa. Ilikuwa makala nzuri, wallahi, lugha imenyooka, michoro safi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alijiona Uholanzi, kwenye meza yake yenye dirisha, akipekua picha moja baada ya nyingine kutafuta wenzake wa nyota ambayo haipigi. Miaka mitatu ya kuhesabu kutikisika kwa darubini. Miaka mitatu ya kumwangalia kila anayepita na kikombe cha chai na kujiuliza, ni huyu atakayeijaribu ile nyota ya pili? Hapo ndipo alipoona kwamba nyuma ya kitufe hakuna mlango. Kuna chumba kingine, kidogo kuliko duka, na ufunguo wake angekuwa nao mtu asiyemjua.

Na kulikuwa na jambo jingine, alilolisema moyoni bila kujificha. Alizipenda nyota zile. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukifanya kwa kulazimishwa wala kwa kuonekana mwema. Hakutaka kukichafua.

Kubofya Nakubali ni sekunde moja. Kukataa kulihitaji barua, na barua ilimchukua asubuhi nzima, akisimama mara kwa mara kuuza nati. Aliliandikia jarida, akamtumia profesa nakala. "Mapigo niliyoyaripoti ni mtikisiko wa darubini," aliandika. "Niliandika kwamba nimehakikisha. Sikuhakikisha. Naomba makala iondolewe." Ilikuwa mara yake ya kwanza katika kazi hiyo kuandika kwa nafsi ya kwanza, umoja.

Jibu la profesa lilifika kabla ya chakula cha mchana. Lilikuwa la upole, na upole wake ulikata. Alimshukuru kwa ukweli wake. Alisikitika kwamba nafasi ile ilitolewa kwa ajili ya nyota ile na sasa hataweza kuishikilia. Kisha, chini kabisa: "Nafasi nyingine hutangazwa kila msimu, hapa na kwingineko. Tuma maombi. Nimesoma maelezo madogo madogo ya nyota unayoyaweka mtandaoni kwa miaka, na siku zote nimeshangaa kwa nini sijawahi kuona jina lako kati ya waombaji."

Sanjay aliisoma sentensi hiyo ya mwisho, akazima kioo, akapanda ngazi.

Alimweleza baba yake yote, akisimama, kama mtoto aliyevunja kitu. Mzee alisikiliza huku akiangalia dirishani. Chini mtaani lori la viazi lilikuwa limekwama kwenye kona na watu walikuwa wakilielekeza kwa makelele.

"Kwa hiyo unabaki," alisema Praful.

"Nabaki, Bapuji."

Sanjay alitazamia huzuni, labda na nafuu kidogo nyuma yake. Hakutazamia machozi. Yalimtoka mzee jicho la kulia, mengi, na hakuwa na mkono wa kuyafutia kwa sababu ule mzima ulikuwa umeshika mkongojo.

"Tena kwa sababu yangu," alisema.

"Si kwa sababu yako. Nimekosea mimi."

"Miaka kumi na tisa." Maneno yalikuja moja moja, na mzee alingoja kila moja lifike. "Watu wanakuja hapa. Wananiambia, Praful, una mtoto mwema. Ameacha nyota kwa ajili yako. Kila wakisema hivyo, natamani kufa. Mimi ndiye kufuli."

"Bapuji, hakuna aliyesema..."

"Umeomba kazi ngapi?"

Sanjay alikwangua kwa ukucha mtindi uliokaukia shatini.

"Ngapi? Tangu urudi?"

"Hakuna," alisema Sanjay.

Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yake. Kulikuwa na fomu, nyingine zimejazwa mpaka mwisho, na hakuna hata moja iliyowahi kutumwa. Aliyefungwa haulizwi kwa nini hakimbii. Anahurumiwa, na Sanjay alikuwa amehurumiwa na mji mzima, na huruma hiyo ilikuwa tamu, na ilikuwa salama kuliko barua ya kumwambia hafai. Alikuwa ameliogopa faili lile kwa miezi kadhaa tu. Fomu alikuwa ameziogopa miaka kumi na tisa.

"Nilikuwa na jibu," alisema mzee. "Tangu mwaka wa kwanza. Ungesema nataka kwenda, ningesema nenda. Ekta alijua. Alikuwa tayari. Tulingoja useme." Alipumua. "Hukusema."

Sanjay alimfuta baba yake machozi kwa kitambaa, akamkalisha vizuri, akashuka. Ngazi kumi na nane zilikuwa ndefu siku hiyo.

Ekta alikuwa kwenye kiti nyuma ya kaunta, kalamu sikioni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimesikia," alisema. "Hizo ngazi hazifichi kitu. Nimekukasirikia sana, jua hivyo. Ungeniambia Jumatano."

"Ulisema nisianze."

"Na wewe ukanyamaza, kama kawaida yako."

"Samahani, Ekta." Alimaanisha. "Sasa utarudi Kisumu? Kazi yako, labda bado hawajapata mtu. Mimi nitaendelea hapa."

Ekta aliitoa kalamu sikioni. "Jumatano nilikuuliza nimeacha vyote kwa nini. Nimekuwa nikifikiria hiyo kitu tangu siku hiyo. Bhai, mimi sirudi. Napenda hili duka. Napenda hawa wazee na kelele zao. Wewe hukulipenda hata siku moja, na wateja wanajua, Adongo anajua, hata Bapuji huko juu anajua. Mimi nimefika. Sitoki."

"Basi mimi nitafanya nini?"

"Sijui," alisema Ekta, na hakusema kwa ubaya. "Safari hii hakuna wa kukuzuia."

Mama mmoja aliingia, Jerotich, mkulima wa Molo, buti zake zimejaa matope. "Sasa boss. Mkanda wa mashine ya viazi, ule mpana, uko?"

Sanjay aligeuka kwa mazoea, akanyoosha mkono kwenye rafu ya tatu, mahali ambapo mikanda mipana imekaa tangu enzi za baba yake. Mkono ulikutana na mikebe ya grisi. Ekta alikuwa amekwisha kupita nyuma yake, ameutoa mkanda mahali pengine, ameukunjua kwenye kaunta na anamwonyesha Jerotich jinsi ya kuupima, na wawili hao tayari walikuwa wakicheka kuhusu jambo fulani. Uani Adongo alikuwa akigonga chuma. Hakuna aliyemhitaji.

Mlango wa duka ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, miaka kumi na tisa. Sanjay aliutazama. Akatafuta pa kuketi, asipaone; kiti cha nyuma ya kaunta sasa kilikuwa cha Ekta.